Herufi nyeupe kwenye matairi ya STI: shajara ya mradi

Januari 11, 2025

Leo mradi umeanza rasmi. Gari ni Subaru Impreza WRX STI la mwaka 2006, rangi ya buluu, ringi za dhahabu za inchi 17. Lilishuka hapa Mombasa, bandari ya Kilindini, mwaka 2013, likawa la binamu yangu kwanza, na huu ni mwaka wa nne liko mikononi mwangu. Injini imeshafanyiwa kazi, breki zimeshafanyiwa kazi, bodi imepigwa polishi mpaka mtu anajiona usoni. Kilichobaki ni matairi. Kila nikiliegesha na kugeuka kulitazama naona duru nne nyeusi tii zisizosema neno.

Nataka herufi nyeupe. Jina la tairi lililochomoza ubavuni lipakwe jeupe, lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara.

Kiu hii nilitiwa na baba. Mwaka 1997 alikuwa akifanya kazi Nairobi, dereva Colin McRae aliposhinda mashindano ya Safari Rally na Impreza ya buluu, na picha aliyoikata gazetini bado iko ukutani kwake, imefifia lakini iko. Nimekua nikiitazama. Tangu hapo gari la namna hii kwangu si chombo cha kunifikisha kazini tu.

Mtindo wenyewe una asili zake. Wamarekani wa miaka ya 1970 waliupenda kwenye magari yao ya injini kubwa, na matairi yenye herufi nyeupe zilizoinuka yalitoka kiwandani hivyo hivyo. Kwenye Formula 1 rangi ya ubavuni ni taarifa kamili: tangu 2019 Pirelli hutumia nyeupe kwa tairi gumu, njano kwa la kati na nyekundu kwa laini, ili mtazamaji ajue dereva anatumia tairi gani. Hapa kwetu pia si jambo geni. Malori ya barabara ya Nairobi na matatu kadhaa hupakwa herufi, ila nyingi hupakwa haraka haraka, na baada ya wiki mbili yamebaki madoa. Nimeuliza watu kwa nini zinatoka upesi hivyo. Kila mmoja alinipa rangi yake ya kununua, hakuna aliyenipa sababu. Ndiyo maana naandika kila hatua.

Januari 12

Asubuhi baada ya chai nimekaa chini na tochi, nikausoma ubavu wa tairi la nyuma kushoto kama mtu anayesoma barua. Saizi ni 225/45R17. Jina YOKOHAMA limeandikwa mara mbili kwa upande wa nje, herufi 8 mara 2, kwa hiyo 16 kwa tairi moja na 64 kwa gari zima. Kila herufi ina urefu wa milimita 24 na imeinuka kidogo mno, ukipitisha ukucha unakwama tu. Ndani ya herufi kuna mistari myembamba ya kiwandani. Mistari hiyo nitakuja kuichukia.

Jina hili lina maana kwangu. Magari mengi ya mitumba kutoka Japani hupakiwa melini bandari ya Yokohama, yakashushwa hapa Kilindini. Kampuni yenyewe ya matairi ilianzishwa huko huko mwaka 1917, ikishirikiana na BFGoodrich ya Marekani, ambao nao ni maarufu kwa matairi ya herufi nyeupe. Kwa hiyo nikipaka jina hili naandika njia ambayo gari langu lilipita.

Njia za kufanya kazi hii ni kadhaa. Ipo ya herufi za mpira za kubandika kwa gundi. Hizo hupendeza, lakini bei yake ikifika huku inakuwa nzito, na ikibanduka moja jina linakuwa pengo. Ipo ya rangi, kwa brashi au kwa kalamu ya rangi. Na ipo ile ambayo kijana mmoja wa pancha alinishauri kwa moyo mweupe: "Chukua grainda, parura juu kidogo, nyeupe iko ndani."

Hapo lazima niandike kwa herufi kubwa akilini mwa kila msomaji. Nyeupe iko ndani ya matairi yaliyotengenezwa hivyo tu. Kiwandani huwekwa tabaka la mpira mweupe ubavuni, likafunikwa na ngozi nyembamba ya mpira mweusi, kisha ngozi hiyo husagwa juu ya herufi mpaka nyeupe itokeze. Tairi la kawaida halina tabaka hilo. Ukiliparura unakula mpira unaolinda nyuzi, na ubavu ndio sehemu nyembamba kuliko zote za tairi. Gari linalokwenda kasi likipasuka ubavu halikupi nafasi ya kujuta. Grainda isikaribie ubavu wa tairi lako.

Nimeamua rangi.

Januari 18

Matairi yaliyomo sasa yamezeeka na mwezi ujao yanabadilishwa yote. Ni lazima yote kwa pamoja, kwa sababu STI husukuma magurudumu manne kwa mpigo, na tairi likiwa kubwa au dogo kuliko mwenzake, mfumo wa katikati unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma unahangaika bila kupumzika. Basi nimepata uwanja wa majaribio wa bure, maana YOKOHAMA ina herufi nane.

Y, O, K, O nimezipaka rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia madirisha na mageti. H, A, M, A nimezipaka kwa kalamu ya rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya matairi. Kisha kila kundi nikaliandaa kwa namna nne. Herufi ya kwanza sabuni ya vyombo na mswaki tu. Ya pili sabuni, halafu spiriti. Ya tatu sabuni, halafu asetoni, ile dada zetu wanayotolea rangi ya kucha. Ya nne sabuni, asetoni, msasa mwembamba namba 400 wa kuondoa mng'ao tu, halafu asetoni tena.

Asetoni si ya kuloweka. Inapita na kitambaa na kuondoka, kwa sababu ikikaa inakausha mpira. Na kitambaa kiwe cheupe, ili uone kinachotoka. Kwenye ile A ya kwanza, spiriti ilitoa rangi ya chai nyepesi. Kwenye M, asetoni ilitoa rangi ya kahawa ya tangawizi, nzito, na nilibadilisha kitambaa mara sita kabla hakijarudi cheupe.

Jioni zote nane zilikuwa nyeupe pe pe pe. Mdogo wangu alisema kazi imeisha, tupake yote sasa. Nikamwambia tungoje wiki mbili.

Februari 1

Matokeo. Nimepiga picha karibu sana, nazieleza moja moja kwa kuwa hapa ndipo nilipojifunza.

Rangi ya mafuta imepasuka kwenye herufi zote nne. Y, ya sabuni tu, imebaki nusu. Mkono wake wa kulia umetoka kipande kizima kama ganda la yai. O ya spiriti ina nyufa za duara. K ya asetoni ina nyufa lakini imeshika. O ya mwisho, ya msasa, imeshika yote, ila nayo ina nyufa kama udongo wa bwawa lililokauka. Kwa hiyo maandalizi yaliifanya ishike, lakini rangi yenyewe haikubali kukunjika.

Nikapiga hesabu nijue ninaidai rangi kitu gani. Tairi la 225/45R17 lina kipenyo cha karibu milimita 634, na mzunguko wake ni karibu mita 2. Kila kilomita moja linazunguka mara 500. Kila mzunguko, ubavu unapofika chini unabonyea chini ya uzito wa gari, ukipanda unanyooka. Kwenda Mtwapa na kurudi ni makumi ya maelfu ya kukunjwa. Rangi ya geti haijaumbwa kwa hilo, geti halikunjwi.

Kundi la pili limesimulia jambo jingine. H ya sabuni tu imebanduka pembeni. A ya spiriti imeshika ila imekuwa rangi ya chai ya maziwa. M ya asetoni ina manjano kidogo. A ya mwisho bado ni nyeupe, na nikiikwaruza kwa kucha haitoki.

Ile rangi ya chai ndiyo iliyonifanya nikae kusoma mpaka usiku. Mpira wenyewe kwa asili ni mweupe kama maziwa ya mti unaotoka. Matairi ya mwanzo kabisa hayakuwa meusi, na yule mtu wa matairi, nembo ya kampuni ya Michelin, aliyebuniwa mwaka 1898 ni mweupe kwa sababu hiyo. Weusi ulikuja baadaye na masizi laini ya kaboni, yanayoupa mpira nguvu na kuukinga na jua. Lakini jua si adui pekee. Hewani kuna ozoni, nayo hupasua mpira. Kuizuia, viwanda hutia ndani nta na dawa, inayojulikana zaidi ikiwa 6PPD. Dawa hiyo haikai mahali pamoja: husafiri polepole kutoka ndani ya mpira kuja juu, ikutane na ozoni kabla ozoni haijaukuta mpira. Ikishafanya kazi yake inageuka kahawia. Ndio ule ukahawia unaouona kwenye matairi ya gari lililokaa sana juani, na ndio uliopanda kwenye A yangu.

Maana yake tairi linatoa jasho maisha yake yote, na jasho hilo ndilo linalolihifadhi. Rangi yoyote nitakayoweka itakaa juu ya ngozi inayotoka jasho. Siwezi kulizuia, wala sitaki kulizuia. Ninachoweza ni kusafisha lililokwisha kutoka, vizuri kabisa, kabla ya kupaka, na kuendelea kuosha baadaye.

Februari 8

Matairi mapya yamefungwa leo. Kabla sijalipa nilisoma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT kwenye kila moja: 3824, yaani lilitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2024. Manne yote sawa. Hili lifanye kila unaponunua, hata kama huna nia ya kupaka chochote.

Nilimwomba fundi jambo moja. "Fundi, nataka jina likae sawasawa na pua ya upepo, lifanane magurudumu yote manne." Akanionyesha kidole kwenye alama ya njano ya mviringo ubavuni. "Hii ndiyo sehemu nyepesi ya tairi. Hii ndiyo tunaiweka kwenye pua, ndugu yangu, ili balansi isihitaji vipande vingi vya risasi. Ukitaka jina, nitakuwekea jina, lakini utaona risasi zitakavyojaa ringi yako nzuri." Nikamwacha afanye kazi yake alivyofundishwa. Jina limekaa popote lilipoangukia. Gari likitembea nani ataliona kama linaanzia juu au chini?

Sitapaka mara moja. Tairi jipya hutoka na mabaki ya dawa ya kiwandani inayosaidia liachane na chuma cha umbo lake. Mabaki hayo huteleza, na ndiyo sababu matairi mapya huendeshwa taratibu kilomita za mwanzo. Nitatembea nayo wiki mbili kwa utaratibu, nikiyaosha kila baada ya siku tatu.

Februari 22

Siku nzima ni ya kusafisha. Nimelipandisha gari kwenye vigogo, magurudumu yote chini, nimeyalaza juu ya mkeka wa zamani chini ya mwembe. Ni kaskazi bado, upepo mkavu kiasi kwa Mombasa, na hiyo ndiyo sababu sikutaka kazi hii ingoje masika.

Tairi la kwanza limenichukua saa 2 na dakika 20. Sabuni na brashi ya plastiki, suuza, sabuni tena. Mswaki kwenye mistari ile myembamba ndani ya herufi, ambamo uchafu hujificha hata ukidhani umemaliza. Kisha tairi liachwe mpaka likauke kweli. Maji hukaa kwenye pembe ya ndani ya herufi A, kwenye kile kitundu cha pembe tatu, na yanaweza kukaa humo nusu saa juu yamekauka. Nilitumia pamba ya masikio kuyanyonya. Halafu asetoni, herufi moja moja, kitambaa kipya kila herufi mbili. Halafu msasa, mara tano au sita tu, mpaka mng'ao uondoke na mpira uonekane kama ubao wa darasani uliofutwa. Halafu asetoni ya mwisho, na tangu hapo hakuna kidole kinachogusa. Vidole vyetu vina mafuta, na mimi nilikuwa nimetoka kula mahamri.

Mama alipita akauliza, "Hayo matairi unayaosha au unayasilimisha?" Nikamwambia, "Mama, nikikosea hapa yote yatakuwa bure." Akaniletea maji ya kunywa.

Tairi la nne limenichukua saa 1 na dakika 10. Mkono hujifunza.

Februari 23

Leo amekuja mzee wa rangi. Ni jirani, ameandika majina kwenye mashua na matatu tangu kabla sijazaliwa, na nilimwomba aje anitazame tu nikifanya, kwa sababu kalamu yangu kwenye jaribio ilikuwa ikitoka nje ya mstari. Alikaa kwenye kigoda, akatazama herufi mbili bila kusema.

"Ami, vipi?"

"Unapaka kuta, mwanangu. Hii ni kuandika." Akachukua kalamu mkononi mwangu. Kidole chake kidogo alikikita kwenye mpira, nje ya herufi, kikawa nguzo. Mkono mzima ukazunguka juu ya kidole hicho kama dira. "Anza katikati ya herufi. Rangi iwe nyingi katikati, halafu uiburute kwenda ukingoni. Usiisukume. Ukiisukuma inaruka ukingo, ukiiburuta inasimama yenyewe."

Nikajaribu kwenye K nyingine, na kweli ilisimama. Herufi imeinuka, kwa hiyo rangi ikifika ukingoni bila kusukumwa inashikwa na pembe ya mpira, inaishia hapo kama maji kwenye mdomo wa kikombe kilichojaa. Nilikuwa nimeandaa tepu ya karatasi ya kuzungushia kila herufi. Sikuitumia tena.

La pili alilonifunza ni wembamba. Koti la kwanza liwe jepesi mpaka uone weusi chini yake na utamani kuongeza. Usiongeze. Acha dakika 30, pitisha la pili kwa kukata lile la kwanza, kama ulienda wima basi sasa nenda mlalo. Koti la tatu ndilo linaloleta weupe. Koti nene moja hukauka juu, ndani likabaki bichi, na tairi likianza kukunjika ngozi ya juu inateleza.

O ndiyo ngumu kuliko zote. Haina pa kuanzia wala pa kupumzikia. Mzee aliniambia nigeuze gurudumu badala ya kugeuza mkono, na tangu hapo nikawa nalizungusha taratibu kwa goti huku kalamu imetulia. M ina miguu mingi lakini ni ya kunyooka, inakwenda haraka.

Tulianza saa 2 asubuhi, tukamaliza koti la tatu la tairi la mwisho saa 11 jioni. Yeye alifanya herufi moja tu, ile K ya mfano. Nyingine 63 ni zangu. Alipoondoka nilimtilia kitu mfukoni, akakataa mara mbili, ya tatu akakubali.

Magurudumu yamelala ndani usiku huu. Yarudi garini kesho jioni, nati zikazwe kwa kurukana kama nyota, si kwa kufuatana.

Februari 24

Nimelishusha gari chini saa 12 jioni, jua likiwa limelala upande wa bara. Buluu, dhahabu, nyeusi, nyeupe. Nilisogea hatua kumi, ishirini, nikavuka barabara. YOKOHAMA ilisomeka. Baba alikuja kwa bakora yake akasimama karibu nami muda mrefu. Alisema, "Sasa limekuwa la mashindano." Sina haja ya sifa nyingine.

Machi 1

Jaribio la kweli. Malindi na kurudi, karibu kilomita 240, kwa hesabu yangu mikunjo 120,000 kwa kila herufi. Lami ilikuwa ya moto. Tulipopumzika Kilifi nilipapasa ubavu wa tairi, uliniunguza kidogo kiganja. Herufi zilikuwa na joto sawa na mpira, hazikunata, hazikuacha alama kidoleni.

Tuliporudi nilikagua zote 64 kwa tochi. Hakuna ufa hata mmoja. Pale A ya pili ya tairi la mbele kulia kuna alama ya kokoto, nukta moja nyeusi kama kichwa cha pini. Basi.

Machi 15

Leo nina uchungu. Juzi nililipeleka gari kuoshwa mahali fulani kwa sababu ya Ramadhani, nguvu za mchana ni haba. Niliwaomba mwili tu, matairi wayaache. Nilipolichukua lilikuwa linang'aa kila mahali, matairi yakiwa yameloweshwa ile dawa ya kung'arisha yenye silikoni. Kijana alifanya kwa wema, alidhani ananipa zawadi.

Silikoni inapenya kila pengo. Baada ya siku mbili juani, tairi la mbele kushoto, ambalo lilipata nyingi zaidi, limeanza kuinua ukingo wa Y na H. Nimegusa H kwa ukucha, ikaja kama ngozi iliyoungua jua. Mengine matatu yameshika, lakini yamekuwa ya krimu badala ya nyeupe.

Niliosha yote manne baada ya futari kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mara tatu. Krimu ilitoka karibu yote. Kwa lile la kushoto hakuna njia ya mkato: silikoni ikishaingia, rangi mpya haishiki juu yake. Itabidi nivue jina zima, nirudi kwenye asetoni.

Aprili 5

Baada ya Iddi nimerudi kwenye tairi la mbele kushoto. Kuvua rangi iliyoshika vizuri kumenithibitishia kazi ya Februari kuliko jambo lolote. Y na H zilitoka kwa kitambaa. Zile O, K, A na M zilinitesa kila moja dakika kumi za asetoni na mswaki, na mabaki meupe yaling'ang'ania ndani ya ile mistari ya kiwandani mpaka mwisho.

Safari hii vitambaa viliendelea kutoa utelezi hata baada ya kuwa vyeupe. Silikoni haina rangi, kwa hiyo jicho halisaidii. Nilipata kipimo: dondosha tone la maji juu ya herufi. Likisimama kama shanga, huenda bado kuna mafuta. Likitandaa, mpira uko tayari. Tone la kwanza lilisimama. La pili, baada ya raundi nyingine, lilisimama pia. La nne ndilo lililotandaa. Natamani ningekijua kipimo hiki tangu Januari.

Makoti matatu, kidole kidogo chini, gurudumu likizungushwa kwa goti.

Mei 24

Masika yametupiga. Mafuriko ya barabarani, matope mekundu ya Mazeras, wiki mbili gari halikukauka. Mvua yenyewe haikuondoa kitu. Matope yanaingia ndani ya herufi na kuzifanya kahawia, lakini mswaki laini na sabuni ya vyombo vinazirudisha. Naosha kila Ijumaa, dakika tano kwa tairi. Jasho la mpira linaonekana: baada ya wiki moja bila kuosha kuna umanjano mwepesi kwenye herufi za upande wa kulia, unaopigwa na jua la alasiri ninapoegesha. Hazirudi nyeupe ya siku ya kwanza, zinarudi nyeupe ya maziwa ya ng'ombe, nami nimeizoea.

Tairi la mbele kushoto, lile lililorudiwa, ndilo jeupe kuliko yote. Bado nasikia kama nilisafisha hayo mengine matatu nusu tu.

Leo nimeona mguu wa M ya nyuma kulia umekwaruzwa na ukingo wa barabara, urefu wa punje ya mchele. Nimeshaosha, nimeshapitisha asetoni, tone la maji limetandaa. Kalamu iko tayari juu ya kigoda. Nangojea wingu hili lipite.